Nilipiga Honi, Nikaingia Barabarani

Siku niliyokaribia kuua watu, mwanangu, nilikuwa nimepiga honi vizuri kabisa. Nakusimulia mwenyewe kabla wengine hawajakusimulia wakitia chumvi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kushuka Same kwangu ni safari. Nikifika Mwanga najiona nimetembea dunia. Udereva nilijifunzia huku mlimani, kwenye kona ambazo huoni kinachokuja, kwa hiyo tunaendesha kwa masikio: unapiga honi, unasikiliza, usipojibiwa unapita. Nikadhani kila barabara iko hivyo.

Siku hiyo nilikuwa nashusha tangawizi sokoni kwa pikapu, jirani yangu Mama Mbonea ameketi pembeni. Njia yetu inapokutana na lami nikatazama kulia. Lori lilikuwa linakuja, lakini mbali. Nikapiga honi. Kimya. Nikaingia.

Mama Mbonea akanikamata mkono. Mbele ya lori, karibu kabisa nasi, palikuwa na bodaboda. Nyuma amepakiwa mama, mtoto mgongoni. Sijui ilitokea wapi. Yaani, najua: ilikuwepo tangu mwanzo, macho yangu yakairuka yakaenda kwenye lori. Nikakanyaga breki, pua ya pikapu tayari iko kwenye lami. Kijana aliyeiendesha hakuwa na pa kwenda: mbele mimi, nyuma lori. Akaitupa pikipiki kwenye changarawe. Ikayumba, ikayumba tena, ikasimama pembeni ya mlango wangu. Lori likatukwepa, pikapu nzima ikatikisika.

Nilisubiri kilio. Akaja kijana dirishani kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Hukuniona?"

"Nilipiga honi."

"Honi nitaisikia wapi, na lori linaningurumia mgongoni?"

Mtoto alikuwa ananitazama tu, kidole mdomoni.

Basi, mwanangu, ukifika kwenye lami simama. Ukiona lori, usiridhike; tafuta kitu kidogo kilicho mbele yake. Tazama, kisha tazama tena, na honi usiipe kazi ya macho. Mungu akutangulie njiani, akurudishe nyumbani ugali ungali na moshi, na asikupe kamwe jina la marehemu la kubeba moyoni.

Mimi nimetumia maneno mengi. Mama Mbonea alisema haya tu akiteremka sokoni: "Jirani, wewe huangalii kama kuna mtu. Unaangalia kama kuna kitu cha kukuua wewe."