Bua Koshta na Simu ya Zahanati

"Bua, kule kazini ulikuwa unasikiliza maongezi ya watu?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka saba, barazani kwake, tukimenya njegere. Nilikuwa nimetoka kuambiwa kwamba zamani, mtu wa Jabalpur akitaka kuongea na mtu wa Bhopal, sauti yake ilipita kwanza mikononi mwa Bua. Mimi ningekuwa yeye nisingelala. Bua akanitazama, akatazama bakuli langu, akasema, "Hiyo ina funza, itoe." Nikajua nimenyamazishwa kiutu uzima. Kumbe hakunisikia. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, na sikio la kushoto, lililobeba kidude cha kusikilizia simu za kazini tangu usichana wake, lilikuwa limestaafu kabla yake mwenyewe.

Bua kwa Kihindi ni shangazi, ila yeye si shangazi wa mtu yeyote mtaani kwetu. Jina lake ni Premlata Koshta, mjane, opereta mstaafu wa simu za mbali. Amestaafu, lakini mambo mawili ya kazi yamekataa kustaafu naye. La kwanza, akiinua simu yoyote husema, "Jabalpur, sema!" hata kama anayepiga ni kijana wa mitungi ya gesi. La pili, hakati simu. Opereta, anasema, hachomoi waya mpaka asikie kwa masikio yake kwamba wenye maneno wamemaliza. Ukichomoa mapema umemkata mtu katikati ya msiba wake, au katikati ya posa, na huwezi kujua ni kipi.

Kila Jumapili alipigiwa simu na Mehrunnisa wa mji wa Itarsi. Huyu naye alikuwa opereta, wa upande wa pili wa waya. Walifanya kazi pamoja ujana wao wote na hawajaonana hata mara moja. Nilipomuuliza Bua kwa nini asipande treni akamwone, alishangaa kweli. "Nikamwone ili iweje? Ninamjua." Simu zao zilikuwa ndefu kama harusi, na zilikwisha Mehrunnisa aliposema, "Itarsi inafunga."

Halafu sikio la kulia nalo likaanza kufa. Mehrunnisa akawa kama mtu anayekoroma ndani ya mtungi. Jumapili moja Bua alimpa mama yangu simu amsikilizie. Mehrunnisa akaja juu.

"Wewe nani?"

"Jirani yake, dada. Hasikii vizuri, sema nami nitamwambia."

"Miaka yote hii nimeongea na Jabalpur bila mkalimani! Mwambie akatafute masikio yake, ndipo anipigie. Mimi macho yamekwisha, sauti yake ndiyo niliyobaki nayo."

Mama aliposimulia hayo kwa ishara na kelele, Bua aliingia ndani akakaa huko mpaka jioni. Simu za Jumapili zikakoma.

Dawa ya jambo hili ilikuwepo, tena ya haki yake. Mstaafu wa serikali ana kadi ya matibabu, na kadi ile inatoa mpaka mashine ya sikio, daktari wa masikio akiandika. Daktari huyo huja kwenye zahanati ya wastaafu mara moja kwa mwezi. Siwezi kusema zahanati ile ilikuwa nzuri. Wazee walifika alfajiri, wakapanga ndala zao mstari mmoja mbele ya dirisha la karani, kisha wakaenda kukaa kivulini bila viatu kulalamikia serikali. Ndala zilisogea, wao hawakusogea. Ulikuwa utaratibu wa aibu, lakini ndala ya kila mtu ilifika dirishani.

Ndipo wakubwa wakaamua kutuboreshea. Sijui kwa nini neno hilo likitamkwa, lazima mahali fulani pazibwe kwa mbao.

Safari hii lilizibwa dirisha. Juu yake likatundikwa bango la babu mmoja mwenye meno thelathini na mawili, meupe pepepe, ambaye ninaapa hajawahi kupanga foleni popote. Bango liliandikwa DAKTARI YUKO SIKIONI MWAKO. Kuanzia sasa hakuna kuja, hakuna ndala. Mstaafu apige simu, apewe siku yake. Na ili kuzuia madalali, mwenye kadi aongee mwenyewe kwa sauti yake.

Soma tena kama hukuamini. Kiziwi apige simu, asikilize maswali, ayajibu, ili apewe siku ya kwenda kumwambia daktari kwamba hasikii. Watu waliotunga jambo hilo wamesoma. Walikaa mezani, wakanywa chai, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Bua, ambaye hasomi mabango ya watu wenye meno, alikwenda na ndala zake kama kawaida. Mama alikuwa naye. Walimkuta karani, Pateria-ji, ameketi nyuma ya mbao, kwenye upenyo wa kupitisha mkono.

"Amma," akasema, yaani mama, "siku hizi ni kupiga simu."

"Nini?"

"SIMU! Upige SIMU!"

"Nikupigie wewe? Si niko hapa?"

"Ndiyo utaratibu, Amma."

Bua akachungulia kwenye upenyo. Mezani kulikuwa na simu moja, nyekundu, imewekewa ua la plastiki. "Simu yenyewe ndiyo hiyo?"

"NDIYO HIYO!"

"Nikipiga, anapokea nani?"

"MIMI!"

"Basi pokea. Nataka daktari wa masikio."

Wazee waliokuwa kivulini wakacheka. Pateria-ji, ambaye si mtu mbaya, ila ni mtu mwoga, akashusha sauti, kitu cha kijinga kabisa kumfanyia kiziwi. "Nitafukuzwa, Amma. Simu zinahesabiwa. Watu hawahesabiwi."

Mama alijaribu kumpigia kutoka nyumbani. Akataja namba ya kadi, akataja tarehe ya kuzaliwa, akaambiwa mwenye kadi aongee. Bua akapewa simu.

"Jabalpur, sema!"

Pateria-ji akamuuliza jina lake.

"Sema!"

Akamuuliza shida yake.

"Mbona husemi? Sema!"

Pateria-ji akakata. Hivyo ndivyo ilivyoendelea, na siku ya daktari ikapita, na ya mwezi uliofuata pia. Bua alianza kuiacha redio imezimwa. Jumapili alijipa kazi ya kuosha vyombo vilivyo safi.

Katika mwezi wa tatu wa mpango huo walitutoa shuleni, darasa letu zima, kwenda kupiga makofi. Mkurugenzi wa zahanati za wastaafu alikuwa anakuja kutoka Bhopal kuwaonyesha waandishi wa habari jinsi wastaafu wanavyofaidi. Nadhani kila shule ina darasa la kupiga makofi. La kwetu ni sisi, kwa sababu hatufaulu sana hesabu. Tulipangwa uani mwa zahanati na vikapu vya maua ya njano, mbele ya yule babu wa meno.

Asubuhi hiyo hiyo, nyumbani, Bua alikuwa ameamua kupiga mwenyewe kwa simu yake ya mezani. Mama ndiye aliyenieleza baadaye. Bua alizungusha namba, akangoja, akasema "Jabalpur, sema!" Pateria-ji akapokea, akaongea, akachoka, akaweka chini. Bua atajuaje? Hakusikia akipokea, hakusikia akiweka. Na yeye hachomoi waya mpaka asikie kwamba wenye maneno wamemaliza. Basi akaulaza mkono wa simu begani, akavuta sinia la dengu, akaanza kupeta. Kila baada ya muda akaikumbusha, "Jabalpur, sema!"

Sasa, simu yake na ile nyekundu zote ni za mitambo ileile ya kizee, ambayo aliyepiga asipoweka chini, aliyepigiwa hapati njia. Pateria-ji aliinua simu mara ya kwanza akasikia, "Sema!" Akaiweka. Akainua tena. "Sema, mwanangu, usiogope." Akaiweka kama mtu aliyeshika nyoka.

Mkurugenzi alihutubia muda mrefu. Zamani, alisema, mzee alikwenda kwa daktari. Leo daktari anamwendea mzee kwa njia ya sauti. Tukapiga makofi. Kisha akatoa simu yake ya mkononi, akatabasamu kwa kamera, akapiga namba ya zahanati. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

"Mnaona wenyewe," akawaambia waandishi. "Wastaafu hawaachi kupiga!"

Pateria-ji akaanza kutokwa jasho. Mwandishi mmoja mwanamke akasema angependa kumsikia huyo mstaafu. Mkurugenzi akafurahi. Akaenda mezani mwenyewe, akasogeza ua la plastiki, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Jabalpur, sema!" ikatoka sauti ya Bua, na sauti ya dengu zikirushwa kwenye sinia.

"Namaste, Amma! Zahanati hapa. Tukusaidie nini?"

"Sema!"

"TUKUSAIDIE NINI, AMMA?"

"Sikusikii, mwanangu. Kama ningekuwa nasikia ningekupigia kwa nini? Nataka mashine ya sikio."

Mwandishi yule akacheka, wazee wakadakia, na darasa letu, ambalo lilikuwa limeagizwa kupiga makofi bila kuambiwa ni saa ngapi, likapiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikaniwasha. Mkurugenzi alibonyeza kitufe kuzima. Akabonyeza tena. Akaweka chini, akainua. "Sema!" alisema Bua. "Nipo."

Kesho yake gari la serikali lilikuja mlangoni kwake na daktari wa masikio ndani. Gazeti lilitoka na picha ya Bua akivishwa shada, na maneno chini yake: Mstaafu anufaika na huduma ya simu. Mbao bado zipo dirishani. Babu wa meno bado anacheka. Wale wazee wengine wa kivulini, viziwi kama yeye, bado wanaambiwa wapige, na hao hakuna gari lililokwenda kwao, maana mkurugenzi hatarudi na kamera mpaka mwaka mwingine.

Mashine ilifika baada ya wiki kadhaa. Ni ya sikio moja, rangi ya biskuti, na hulia kama panya ukiikaribia. Bua aliivaa Jumapili, akazungusha namba ya Itarsi. Mimi nilikuwa sakafuni na kitabu cha kemia, nikijifanya nasoma.

"Jabalpur," alisema, na safari hii hakuongeza neno.

"Itarsi hapa," tukasikia wote. "We mwanamke, ulikufa?"

"Nilikuwa nashughulika na serikali."

"Basi ni yale yale."

Waliongea mpaka chai yangu ikapoa na ya Bua pia. Mehrunnisa aliposema anafunga, Bua aliweka simu chini, akakaa anaigusagusa ile mashine. Niliona ndiyo nafasi. Nikahamia upande wake wa kulia, nikamuuliza tena lile swali langu la nilipokuwa na miaka saba, kama yeye na Mehrunnisa walikuwa wakisikiliza maongezi ya watu.

Safari hii alinisikia. Akakunja uso kama mtu aliyeulizwa kama anakula maganda.

"Ya watu? Watu walikuwa na lipi la maana? Tulikuwa tunangoja wamalize, tuongee sisi."