Siku Mia Mbili za Tupendane

Teodora, ambaye majirani walimwita Mama Anitha, aliolewa Makwale akitokea Ikolo, na kwa miaka kumi na moja alikuwa katibu wa Tupendane, kikundi cha wanawake ishirini wanaolima mpunga kwenye shamba la mradi. Walimchagua kwa ajili ya mwandiko wake na kwa kuwa hajui kudanganya. Ukifika shambani saa nne utaandikwa saa nne, uwe mkwe, uwe mke wa mchungaji. Jamani, mwanamke yule angeweza kumwandika mama yake mzazi kwamba kachelewa!

Ndiyo maana Marcel, mtaalamu wa mradi aliyeletwa kutoka Moshi, alipokuja kukusanya takwimu za vikundi kumi na viwili, alilisifu daftari lake mbele za watu. Teodora akacheka kwa haya. Yaliyofuata hayakumpendeza. Kikundi kitakachokuwa cha mwisho kwa ufanisi, Marcel alitangaza, kitanyang'anywa shamba, na shamba hilo litapewa cha kwanza.

"Alama mnapeana wenyewe," Marcel alieleza. "Naangalia siku za kazi mlizoweka na magunia mliyopata. Aliyevuna mengi kwa siku chache ndiye mpaka. Wengine nawapima wameukaribia kiasi gani." Huko vyuoni, alisema, kipimo hicho wanakiita bahasha, maana walio bora huwafunika wenzao kama bahasha inavyofunika barua. Watu wakacheka. Teodora hakucheka.

Wiki mbili baadaye karatasi ikabandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Wa kwanza ni Jitihada, kikundi cha jirani, mia kwa mia. Wa mwisho ni Tupendane, hamsini na moja.

Hapo akaelewa, amesimama juani saa sita mchana. Mwezi wa tano Jitihada walifiwa na watu wawili ndani ya wiki moja, mmoja wao ndugu wa mwenyekiti wao, Nsajigwa. Mpunga ulikuwa umeiva, unapukutika, na wafiwa hawashiki mundu. Tupendane wakaingia wakawavunia, wanawake ishirini, siku kumi. Na Teodora, kwa mazoea yake, kila jioni akaandika: waliofika kazini, ishirini. Siku mia mbili zikabaki kwenye daftari la Tupendane, mpunga ukaenda kwa Jitihada. Loh! Mpaka uliokuwa unawahukumu waliuweka kwa mikono yao wenyewe.

Marcel hakuwa mtu mbaya. Teodora alipomweleza, alikokotoa upya, akakuna kichwa. "Mama, nikizihamisha hizo siku, nyie ndio mnakuwa wa kwanza. Jitihada wanashuka mpaka themanini, ila shamba lao wanabaki nalo. Niletee barua kabla ya Ijumaa, Nsajigwa awe ameisaini."

Wanakikundi wakamgomea. "Mama Anitha, unaenda kudai matanga?" mmoja akamuuliza, na wenzake wakainamisha macho. Huku msaada wa msibani hauhesabiwi. Ukiuhesabu ni kama ulikifurahia kifo. Teodora alilijua hilo tangu utoto. Akaenda hata hivyo, barua ameifunga kwenye pindo la kitenge.

Nsajigwa alimpokea vizuri mno. Akampa kiti, akaisoma barua mara mbili. Nyuma yake walisimama wenzake wa Jitihada, na hakuna hata mmoja aliyemwamkia. Wote walijua kilichomleta. Wote walijua ni kweli.

"Mama Anitha," Nsajigwa akasema taratibu, "ule mwezi wa tano mlikuja kulia nasi, au mlikuja kufanya kibarua?"

Teodora alitaka kumpigia kelele. Shamba letu, Nsajigwa! Watoto wetu watakula nini? Akawatazama wajane wawili waliosimama pale mlangoni.

"Tulikuja kulia," akasema.

"Ndaga fijo," Nsajigwa akamshukuru, na kumrudishia barua yake bila saini.

Januari Jitihada walihitaji watu wa kupandikiza mpunga kwenye shamba lao jipya, lile lililokuwa la Tupendane. Tupendane wakaenda, wote ishirini, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na cha kupika. Nsajigwa alikaa kwenye ukingo wa jaruba akiandikisha vibarua. Teodora alipomfikia, Nsajigwa hakuinua macho. Akamuuliza jina lake nani.

Teodora akamtajia, akasubiri aandike, kisha akaingia kwenye maji.