Mnaokwenda kwa Elroy Kutukanwa

Hebu niambieni, nyinyi mnaoendesha gari nusu siku kwenda kutukanwa na mzee wa watu: kwenu hakuna shemeji? Hakuna jirani mwenye mdomo? Mpaka mje mtujazie baa yetu huku kusini mwa Milwaukee, na vikofia vyenu vya pua ya katuni?

Haya, kwa vile mnampenda sana Elroy, chukueni na hii.

Elroy Pruski anauza pombe kwenye kona ile tangu baba yake alipochoka kuiuza. Uso wake ni wa mtu aliyemeza ndimu na mbegu zake. Kijana mmoja aliyekuwa akinywa pale akaja akaingia mambo ya televisheni, akatengeneza katuni ya vichekesho, na humo akaweka mwenye baa anayetukana wateja, mwenye pua kubwa ileile ya Elroy, kununa kulekule, hadi kitambaa cha begani. Elroy hakuambiwa. Aliitazama mara moja, akasema, "Huyu jamaa kaunta yake chafu," akazima.

Nyinyi hamkuzima. Mkaja, pua yake mmeichora kwenye kofia.

Na mlichokosea ni kudhani Elroy hutukana kila mtu. Elroy humtukana anayemjua. Akikuita mpumbavu, ujue anajua pia mgongo wako unauma upande gani. Mgeni humuuliza tu anakunywa nini.

Aliyekuwa akitukanwa kuliko wote ni Verna Jelacic, mjane, mwenye stuli ya mwisho karibu na mlango wa jikoni. Kwetu, mtu akikununulia kinywaji, mwenye baa hukuwekea glasi ndogo kifudifudi: chako kishalipiwa. Tangu Verna amzike mumewe, kila Ijumaa, siku ya samaki wa kukaanga, anakuta glasi kifudifudi mbele ya stuli yake kabla hajavua koti. Hajawahi kuuliza nani kanunua, wala hajawahi kuambiwa. Anaigeuza, Elroy anamimina brandi, matusi yanaanza.

Lakini kwa Elroy, glasi yako ikiondolewa kabla hujainywa, maana yake ni moja: hutakiwi, nenda. Alimfanyia hivyo shemeji yake. Shemeji hajakanyaga pale mpaka leo.

Sasa Ijumaa moja ya Januari mmejaa tele, Elroy yuko jikoni anageuza samaki. Mwenzenu mmoja, jitu zima na kofia yake ya pua, akakalia stuli ya Verna, akaigeuza glasi, akapigwa picha nayo, akaitia mfukoni.

Elroy alipotoka na sahani, Verna alikuwa amesimama ndani ya mlango, theluji mabegani, anatazama kaunta tupu. Akamtazama Elroy. Akafunga tena kifungo cha juu cha koti, akatoka.

"Mzee!" yule wa kofia akapaza sauti. "Nitukane basi! Mke wangu anarekodi!"

"Glasi iliyokuwa hapa iko wapi?"

"Hii?" Akaitoa mfukoni, anacheka. "Kumbukumbu tu, mzee wangu."

Elroy akaichukua. Simu zote juu. Watu wakajua sasa ndiyo sasa.

Elroy akatabasamu. Nasema alitabasamu kwa kuwa sina neno jingine, meno yalionekana.

"Ndugu mteja," akasema, laini kama mpokea wageni wa hoteli, "kofia imekupendeza sana. Naomba unipishe kiti hicho. Uwe na jioni njema."

Jamaa akanywea. "Ndo hivyo tu?"

"Asante kwa kuja, mwanangu."

Simu zikashuka moja moja. Elroy akatoka nje na aproni yake, glasi mkononi, baridi inamkata masikio. Verna alikuwa ameshafika kona. Elroy hajui kuomba radhi. Mkewe aliondoka akiisubiri. Akatafuta neno njia nzima, hakulipata. Na alijua Verna akishafunga mlango wake, yamekwisha.

"We bibi! Unakwenda wapi, samaki wako anapoa!"

Verna hakugeuka. "Samaki wako kapoa tangu ziwani. Umeondoa glasi, nimeelewa. Rudi kwa watu wako wa televisheni."

"Nani kaondoa? Kuna bwege kakalia kiti chako, kaitia mfukoni!"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni! Nakukaangia wewe, kichwa maji!"

Verna akasimama. Akaitazama ile glasi kwenye ngumi ya Elroy, halafu, baada ya miaka yote ile ya kutouliza, akauliza.

"Nani huwa ananunua?"

Elroy akatazama theluji. "Mpumbavu mmoja."

"Mpumbavu gani?"

"Aliyetoka nje bila koti."

"Basi atakufa kwa kichomi," Verna akasema, "na mimi nikose brandi. Twende, we pua."

Wakarudi, wanatukanana njia nzima.

Tangu siku hiyo Elroy kila kofia ya pua anaichekea. Akikuambia karibu sana ndugu mteja, ujue umeshafukuzwa. Kwa hiyo nawaomba: mkija, njooni mle samaki, mnyamaze. Na mkikuta glasi kifudifudi mbele ya stuli ya mwisho, tafadhali, iacheni ilivyo.