Nilifunga difu chini juu, nikamsingizia rafiki yangu

Admin, ficha jina langu, ingawa watu wa Same wakisoma watanijua tu.

Nina miaka 79. Nimemzika mke, nimezika kaka zangu wote wanne, na mafundi wote niliojifunza nao wameshaondoka. Mimi bado naingia chini ya gari na kutoka bila kushikwa mkono. Shule niliishia la pili, hapa naandika kwa kidole kimoja, lakini injini naijua kwa kuisikia.

Nina Landrova ya tangu sijaota mvi. Wanangu wako Dar, wanasema niiuze chuma chakavu. Difu la nyuma, lile linalozungusha magurudumu, lilipokufa nikapata lingine Hedaru, la gari la aina nyingine. Nikakata vikalio vya springi, nikachomelea vipya. Shida ikawa tumbo la difu liko kushoto, na shafti ya gari langu, ile inayotoka kwenye injini, inakuja kulia. Hapo wengine wangeshindwa. Mimi nikaligeuza lote chini juu, likakaa kama lilizaliwa pale.

Rafiki yangu, fundi baiskeli, tuliyekunywa chai pamoja kila asubuhi na kula makande pamoja mchana miaka na miaka, ndiye aliyenishikia jeki. Akaangalia, akasema, "Kaka, ukiligeuza hivyo magurudumu yatazunguka kinyume." Nikamwambia arudi kwenye pampu yake.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, nikawasha niwaonyeshe. Nikaweka gia ya kwanza, gari likarudi nyuma, likavunja banda la kuku. Nikaweka ya pili, likarudi kwa kasi zaidi. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema, mzee huyu Moshi atafika kwa mgongo.

Aibu ikanipanda. Nikatangaza mbele ya wote kwamba rafiki yangu amelichezea gari kwa wivu. Hakubisha. Alisema, "Sawa, kaka," akachukua pampu yake, akapanda kwao Mbaga. Huu ni mwezi wa nne hajashuka.

Kwamba alisema kweli nilijua siku ileile. Kwetu, ukimvunjia mtu heshima mbele za watu, unamfuata na dengelua, ile pombe yetu ya miwa, kisha unalifuta neno lako mbele ya walewale waliolisikia. Mdomo wangu haujawahi kusema nimekosea, hata kwa marehemu mke wangu. Lakini waliobaki hapa wote wananipa shikamoo na kupita. Wa kuniita kaka hayupo tena.

Nyie mlio wengi humo, niambieni. Nipande Mbaga nikaseme, au kwanza nilitoe difu na kulifunga vizuri, habari zimfikie zenyewe? Nimejaribu, peke yangu halinyanyuki.

Anayedhani nazusha amuulize mama anayeuza makande karibu na stendi. Alikuwepo, alisikia kila neno. Zamani alikuwa akiniona tu anapakua sahani mbili. Siku hizi anapakua moja, na wala haniulizi.