Tausi Aliyewapa Wagalu Mgongo

Mume wangu alikuwa na miguu ya kucheza ngoma na kinywa kisichojua kupumzika. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyoniingiza katika kazi ya kulea tausi, mimi ambaye nilikuwa sijawahi kumwona tausi hata kwenye kitambaa.

Nilikuwa nimeolewa karibuni tu, nikatoka kwetu Lagangabilili kuja Somanda. Kwetu tulikuwa Wagika, na kwa mume wangu walikuwa Wagalu. Asiyejua mambo yetu aelewe hivi: hivyo ni vyama viwili vya ngoma, na kila mwaka pamba ikishauzwa vilikuwa vinapambana kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, ngoma zikitazamana. Hakukuwa na mwamuzi. Watazamaji walikwenda walikotaka, na upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Basi kila kiongozi wa ngoma alihangaika mwaka mzima kutafuta kitu cha kuwavuta watu. Huyu alicheza na chatu shingoni, yule alikula kaa la moto. Aliyeshindwa aliimbwa. Aliimbwa kwenye palizi, aliimbwa kisimani, mpaka mavuno mengine.

Mume wangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa ngoma ya Wagalu pale kijijini, na alikuwa ameshaimbwa vya kutosha, maana chatu wake alilala usingizi katikati ya mchezo. Wazee wa ngoma walianza kumtazama binamu yake kwa jicho zuri. Mume wangu aliliona jicho hilo na likamnyima raha.

Masika hayo lori la Mhindi mwenye duka Bariadi lilizama kwenye tope la mbugani. Mume wangu alipeleka ng'ombe wake wakalivuta mpaka likatoka. Mhindi akamwambia aseme anachotaka. Badala ya kuomba blanketi kama watu wenye akili, mume wangu akaomba manyoya ya mkia wa yule ndege aliyekuwa akitembea nyuma ya duka. Mke wa Mhindi akajibu kutoka mlangoni kwamba manyoya ni ya mahali pake pa kusalia, hayatoki. Mayai achukue.

Akaja nyumbani na mayai manne ndani ya kofia. Kabla hata hajanionyesha, alikuwa ameshapita kwa wazee wa Wagalu kuwaambia kwamba anawaletea ndege mwenye macho mia mkiani, na kwamba siku ndege huyo atakapoingia uwanjani, Wagika watabaki wanapigia ngoma nyasi. Wazee wakamwambia sawa. Binamu ashike ngoma kwa sasa, na ndege akiwa tayari yeye arudi. Ndege akishindwa, binamu abaki moja kwa moja.

Ndipo aliponikabidhi kofia. "Haya ni mambo ya wanaume," aliniambia. "Yatunze."

Nikayaweka chini ya kuku wangu mwenyewe, niliyepewa na mama siku naondoka nyumbani. Kuku yule aliatamia vizuri sana, hata kula alikula kwa haraka. Lakini kuku anajua muda wake. Ulipofika wakati ambao kifaranga wa kuku hutoka, na hakuna kilichotoka, alisimama, akajikung'uta, akaenda zake kuchakura majivuni. Nikamrudisha. Akanidonoa. Nikamrudisha tena na kumfunika kwa kapu, akakaa humo anapiga kelele na mayai ameyasukuma pembeni. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba tausi huchelewa kuliko kuku.

Nikaweka yai moja sikioni. Kulikuwa na mtu ndani anajigeuza. Hapo huruma ikanishika kweli, sikufikiria tena ngoma wala binamu.

Kuku mwingine wa kuatamia sikuwa naye, ila pamba ilikuwepo, ile ya mabaki isiyofaa kupelekwa sokoni. Nikayaviringisha mayai kwenye pamba, nikayafunga tumboni kwa kaniki, juu yake nikavaa kaniki nyingine. Nikaanza kutembea taratibu. Nikiinama nashika tumbo. Mtungi wa maji nikakataa kuubeba. Usiku nililala nimeegemea ukuta, na mume wangu, ambaye ndege walikuwa wake, alikoroma.

Mama mkwe alikuwa na macho. Asubuhi iliyofuata aliniletea kibuyu cha maziwa mgando kwa mkono wake mwenyewe, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu nifike pale. Kesho yake akaninyang'anya mchi. "Pumzika, mayu," alisema, akiniita mama, na sauti yake ilikuwa laini mpaka nikaogopa. Nilijua anachofikiria. Nilikuwa nimemaliza miezi kadhaa kwake bila dalili ya mtoto, na sasa anafurahi, mimi nitamwambiaje kwamba ni mayai? Nikanywa maziwa.

Jioni moja shangazi zake mume wangu walikuja kututembelea. Nikapiga magoti kuwaamkia kama inavyotakiwa. "Mwadila," nikasema. Kabla hawajaitikia, tumbo langu likaitikia.

"Pii," lilisema.

Shangazi mmoja akashika mdomo. Mama mkwe akanitazama tumbo, kisha uso, kisha tumbo. Tumbo likarudia, sasa kwa sauti mbili.

"Mayu," alisema mama mkwe, "huyo wako ana haraka ya kusalimia."

Ikabidi nifungue kaniki mbele yao. Walikuwepo vifaranga wawili, wamelowana, shingo ndefu, wamekaa kwenye pamba na maganda. Mayai mawili mengine hayakutoa kitu. Shangazi walicheka mpaka wakalazimika kushikana. Mama mkwe hakucheka. Alichukua kibuyu chake, akakitikisa kuona kama kimebaki kitu, akasema, "Maziwa yangu yamezaa ndege." Maneno hayo aliyarudia miaka mingi. Hata nilipokuja kupata mimba ya kweli, alisogeza kwanza sikio akasikiliza.

Kifaranga wa kuku ukimmwagia chenga anadonoa. Wa tausi anakutazama. Hata nilipoweka chakula miguuni pake, alikipita akaja kusimama mbele ya uso wangu, akingoja. Nikagundua kwamba anakula tu kitu kinachotingishika, na afadhali kitingishike kwenye vidole vyangu. Basi kila asubuhi nilikuwa natoka na jembe kwenda kuvunja kichuguu, najaza mchwa kwenye kibuyu kidogo, narudi kulisha mmoja mmoja kwa mkono. Umande wakikanyaga wanaugua. Mvua ikinyesha nawaingiza kifuani. Kabla hata hawajaota manyoya ya maana walikuwa wanaruka, nao walichagua kutua begani kwangu, na mchana ule mwewe alipomchukua mmoja, alimchukua karibu na sikio langu kabisa. Nililia kama mtu aliyefiwa. Mama mkwe, na hasira zake za maziwa, alikuja akakaa nami.

Yule aliyebaki akawa haniachi. Nikienda kisimani yuko nyuma, nikienda kupalilia yuko kwenye tuta. Alinijua kwa kaniki yangu na kwa kile kibuyu cha mchwa. Mume wangu alikuwa anakuja kila asubuhi, anaangalia nyuma ya ndege, anaondoka.

Mwaka wa kwanza hapakuwa na mkia. Ndege alikuwa na rangi ya vumbi. Wazee wa Wagalu walikuja, wakamzunguka, wakasema huyu ni kanga wa porini, tena aliyekonda. Mwaka wa pili shingo ilipata rangi ya kupendeza, lakini badala ya mkia ikaja sauti. Hiyo sauti, ni bora ningewekewa fisi uani. Ni sauti ya mtu anayechinjwa. Sasa kwetu kuna mwano, ule ukunga wa kuomba msaada wezi wa ng'ombe wakija, na aliyeusikia asipotoka na silaha yake anatozwa faini na kijiji. Tausi akapanda juu ya paa alfajiri, akapiga mwano. Somanda nzima ikatoka na mikuki. Walipomkuta aliyewaita anajichokoa manyoya, wakataka kumtoza faini mume wangu, naye akasema ndege ni wa mke wake. Ni mara pekee aliyosema hivyo.

Mwaka wa tatu mkia ukaja. Sitadanganya, nilipouona umefunguka mara ya kwanza niliacha kusaga nikakaa chini. Alikuwa amekuja mbele ya jiwe langu, akanitazama, akatikisika mwili mzima, halafu likasimama nyuma yake lile duara kubwa, kijani na buluu, macho juu ya macho. Alifanya hivyo kila asubuhi, mbele yangu tu. Mume wangu alijaribu kumfanyia mluzi, kumpigia ngoma, kumzunguka akicheza. Ndege akageuka kila mara ili anione mimi.

"Huyu hafungui kwa kuambiwa," nilimwonya.

"Atafungua kwa ngoma yangu," alisema.

Unyoya mmoja ulianguka, mume wangu akashindwa kula siku hiyo kwa wasiwasi kwamba mkia utaisha kabla ya mashindano. Haukuisha. Pamba ikauzwa, siku ikafika, uwanja ukajaa. Wagika upande huu, Wagalu upande ule, vumbi tayari limesimama. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Lagangabilili, amekaa mbele kabisa ya Wagika pamoja na kaka zangu. Mimi nilisimama na wake wa Wagalu, kibuyu cha mchwa mkononi, kama nilivyoagizwa.

Mume wangu akaingia amejipaka mafuta, tausi yuko nyuma amefungwa kamba mguuni. Watu wakaanza kusogea upande wetu. Nami nilijisikia vizuri, kwa nini nikatae. Kisha akainua mkono, ngoma zikashuka, akaanza wimbo aliokuwa ameutunga kwa siri.

"Nimeatamia mwenyewe," aliimba. "Nimelea kwa mkono wangu. Usingizi nimeunyima macho yangu."

Wagalu wakaitikia kwa nguvu. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi karibu nami, akasema polepole, "Ameatamia kwa tumbo lipi?"

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nilikunja kaniki yangu, nikachukua kibuyu changu, nikakatiza uwanja mbele ya watu wote, nikaenda kukaa kwa mama yangu.

Tausi aliona kibuyu kinaondoka. Akakifuata mpaka kamba ikamzuia katikati ya uwanja. Akasimama, akanitazama pale nilipoketi miongoni mwa Wagika, akatikisika, akafungua.

Wagika wakasema "eee" kwa pamoja. Jua lilikuwa likimpiga kwa mbele, na yale macho yote yakawaka.

Sasa, mtu ambaye hajamwona tausi kwa nyuma hajui Wagalu waliona nini. Kwa nyuma hakuna macho wala buluu. Kuna vijiti vya manyoya, rangi ya nyasi kavu, na chini yake kuna makalio ya kuku.

"Mgeuze," watu wakaanza kumwambia mume wangu. Akamgeuza. Ndege akarudi kunitazama. Akamgeuza tena. Akarudi. Hapo watazamaji wakachoka kutazama makalio. Akavuka mmoja, wakavuka watatu, kisha upande mzima wa Wagalu ukakimbia kuja kwetu ili uone mbele. Wapiga ngoma wa Wagalu walivumilia kidogo, halafu nao wakavuka na ngoma zao. Upande ule alibaki mama mkwe peke yake, ameketi kwa heshima ya mwanawe, na mwanawe mwenyewe ameshika kamba nyuma ya ndege.

Nilifurahi. Kisha nikamwona vile alivyosimama, mafuta yote yale mwilini na hakuna wa kumwangalia, na furaha ikanipungua.

Jioni wazee wa Wagalu walikuja nyumbani kumvua uongozi. Mume wangu akasema ni dawa ya Wagika. Mzee mmoja akamwuliza nani alimwatamia ndege huyu. Mume wangu akainama kufungua kamba ya ndege. Mzee akauliza tena.

"Huyo hapo," alisema mama mkwe, akinionyesha kwa kidevu. "Na maziwa nilitoa mimi."

Wazee wakatoka nje kuzungumza, wakachelewa sana. Waliporudi walisema tangu wazaliwe hawajaona kitu kilichovuta watu vile, kwa hiyo ndege hana kosa. Kosa liko kwenye wimbo. Mke asimame upande wetu, na kiongozi aimbe kilichotokea. Akiweza, ngoma ni yake. Asipoweza, binamu yuko mlangoni, na kweli alikuwa mlangoni.

Kesho yake nilikuwa nasaga. Tausi alikuwa ameshafungua mbele yangu. Mume wangu akaja na kibuyu cha mchwa aliowachimba yeye, mikono imevimba kwa kuumwa, akachuchumaa kando, akaanza kujaribu wimbo mpya kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Mke wangu," aliimba, akakohoa. "Mke wangu ndiye aliyeatamia."

Tausi akageuza shingo kumtazama.

"Ongeza sauti," nikamwambia, bila kuacha kusaga. "Lagangabilili hawajasikia."