Mjomba Alipopigwa Picha ya Kifua

Iko siku moja siisahau, mwanangu, nayo haihusiani kabisa na hospitali, lakini nikianzia kwingine nitapotea. Ni siku tembo walipoingia kwenye shamba letu la pamoja huku Mikumi, mahindi yakiwa ndiyo yanaanza kubeba. Tulikuwa tumehamia pale juzijuzi, kijiji kipya cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama askari wa gwaride. Kulima tulilima kwa kengele. Kipande cha reli kikigongwa unatoka na jembe lako, usipotoka balozi wa nyumba kumi anakuja mlangoni kukuuliza umelala na nini.

Alfajiri hiyo tukakuta tembo kundi zima wamo ndani wanavunja. Tulipiga madebe mpaka mikono ikauma, wapi! Tembo wa mbugani wameshazoea kelele za magari, debe wanaliona mchezo. Ndipo mjomba wangu Athumani akapanda juu ya kichuguu, akakusanya viganja mdomoni, akatoa sauti. Siwezi kukuandikia sauti ile. Changanya fahali na honi ya treni, labda utakaribia. Tembo mkubwa akatanua masikio, akafikiri kidogo, akageuka, na wenzake wote nyuma.

Tangu siku hiyo mjomba akaitwa Redio. Redio ya kweli ilikuwa moja tu kijijini, ya mwenyekiti, na betri zake zikichoka zilianikwa juu ya paa zipate jua. Hii yetu haikuhitaji betri.

Nikueleze kidogo habari ya mjomba, maana vijana wa sasa mnaona mjomba ni mtu wa kuombwa nauli. Sisi wa wilaya hii ya Kilosa mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anakulea, lakini mwenye neno ni mjomba, kaka au mdogo wa mama yako. Akisema simama, unasimama. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaoa, nina nyumba yangu, lakini mbele ya mjomba Athumani nilikuwa mpwa tu.

Basi, mavuno mengine tembo wakarudi. Mjomba akapanda kichuguu, akakusanya viganja, akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Alikohoa mpaka akashuka chini akachuchumaa. Kijana mmoja akapiga kelele, "Redio, anika betri!" Watu wakacheka, na mjomba mwenyewe akacheka alipopata pumzi. Asiyecheka alikuwa mama yangu. Yeye ndiye dada yake mkubwa, na alikuwa ameshaona mengine: shuka la mdogo wake linaloloa jasho kila usiku, mkanda wa suruali unaotobolewa tundu jipya kila mara. Na alikuwa anawaza wajukuu wa mjomba, Zaina na Hamisi, waliolala chumba kimoja naye kwa sababu ya hadithi zake.

Mama akamburuta mpaka zahanati. Bwana mganga alimpa dawa ya maji, kikohozi hakikukoma, akamwambia, "Mzee Athumani, nenda Kilosa ukapigwe picha ya kifua."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, mwanangu, kwenye neno hilo moja. Kupigwa.

Mjomba alikulia Kimamba, kwenye mkonge, babu yangu akiwa mkataji. Walipokuwa watoto miguu yao ililiwa na buba, vidonda vya kutisha, mpaka walipokuja watu wa serikali na sindano. Mjomba alipigwa sindano moja, vidonda vikakauka, akaanza kukimbia. Tangu hapo imani yake ilikuwa kwamba dawa ya kweli ni ile inayokupiga. Vidonge aliviita karanga. Dawa ya maji aliita uji. Sasa anaambiwa kuna mashine huko Kilosa inapiga kifua chote kwa mara moja. Alioga, akavaa kanzu nyeupe ya Idi, na mimi nikafuatana naye kwenye treni.

Chumba chenyewe cha picha kilikuwa na giza kidogo. Nilisimama mlangoni, pazia limefunguka, nikasikia yote.

"Ndugu, vua kanzu," akasema mpiga picha. "Na hicho cha shingoni."

"Hirizi haivuliwi. Nimeoa nayo hii."

"Ndani kuna bati?"

"Kuna bati na maneno."

"Maneno hayana tabu, bwana. Bati ndilo litakaloziba picha. Mpe mpwa wako akushikie, hatakimbia nayo."

Nikapewa hirizi. Akaambiwa aegemeze kifua kwenye bamba, avute pumzi, aishike, asitikisike. Mashine ikalia kidogo. "Haya, pumua. Tayari. Kaa kwenye benchi umsubiri daktari aje aisome."

Mjomba akatoka anafunga vifungo, uso unang'aa kama wa bwana arusi.

"Mpwa, imeingia."

"Imeingia nini, mjomba?"

"Dawa! Nilipogusa lile bamba nikasikia ubaridi, umepita kifuani ukatokea mgongoni. Ile sindano ya buba ilikuwa utani."

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja mtu mzima, mkono umefungwa kitambaa. Akasema, "Baba, lile ni bati tu. Hata mimi mkono ulisikia baridi, na bado umevunjika."

"Wewe umepigwa mkononi, mama, dawa yako ndogo," mjomba akamjibu, na benchi zima likaangua kicheko. Kisha akanigeukia. "Twende, treni isituache."

"Tumeambiwa tusubiri daktari asome."

"Asome nini? Kifua changu kina maandishi?"

Akachukua hirizi yake akaondoka kwenda stesheni. Sasa wewe mwanangu ungefanya nini? Mjomba haambiwi kaa. Nilimwambia atangulie, mimi nikakaa kwenye benchi badala yake, na treni ikaniacha.

Jina lilipoitwa nikasimama. Daktari akaniangalia. "Wewe ndiye Athumani?"

"Mimi mpwa wake. Shikamoo."

"Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?"

"Anasema ameshapona, amekwenda kupanda treni."

Hakucheka. Aliinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mbavu za mjomba wangu zimepangwa kama fito za nyumba kabla ya kukandikwa. Chini palikuwa peusi, akaniambia peusi ni hewa, ndivyo inavyotakiwa. Juu, upande mmoja, palikuwa na wingu jeupe, na katikati ya wingu kama tundu. Akasema hiyo inafanana na kifua kikuu. Arudi apimwe makohozi ili wawe na hakika, kisha aanze sindano na vidonge, na matibabu ni marefu, siyo ya kumaliza mara moja. Na watoto wanaolala naye waletwe pia.

Nikauliza, "Inatibika?"

"Inatibika," akasema. "Akija."

Nilifika nyumbani kesho yake kwa kudandia lori. Nikamkuta mjomba uani kwa mama, amezungukwa na majirani, anasimulia ule ubaridi, na mtoto wa jirani amempakata mapajani. Na kweli alikuwa amechangamka. Amekula vizuri, amelala vizuri. Mtu akiamini amepona, siku za mwanzo hata mwili unamwamini.

Nikamvuta mama pembeni nikamwambia yote. Mama hakuwa mtu wa kungoja. Alikuwa amebandika maharage, akarudi jikoni akaita, "Athumani! Njoo ufunue chungu hiki."

Mjomba akafunua.

"Unaona nini?"

"Maharage, dada."

"Yameiva?"

"Bado magumu."

"Lakini si umeshayaona? Basi pakua ule."

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mama yeye hakuwa anatania. Akaendelea mbele ya wote, "Mdogo wangu, wamekufunua kifuniko tu. Wameona kilichomo. Umeonwa, hujatibiwa. Una kifua kikuu, rudi Kilosa."

Kicheko kikakatika. Wakati ule jina la ugonjwa huo lilikuwa kama kutaja laana ya ukoo. Yule jirani akaja, akamwondoa mwanawe mapajani mwa mjomba. Mjomba akabaki na mapaja wazi, mikono haijui iende wapi. Halafu akasimama.

"Mgonjwa hukata miwa?" akasema. "Kesho nakwenda Kidodi, kwenye miwa. Mtaniona mgonjwa mimi."

Nitafika huko. Ngoja kwanza nimalize habari ya watoto, maana ndiyo yenye faida kwako.

Tuliwapeleka Kilosa, mimi na mama. Hamisi alikutwa mzima. Zaina kifua chake kilikuwa kimeanza kuingiliwa. Mpiga picha ni yule yule, bamba ni lile lile, na Zaina alipolia kwamba ni baridi mama akamwambia, "Baridi ni ya bati, mjukuu wangu. Dawa bado." Tukakaa kwenye benchi mpaka daktari akasoma. Akaanzishiwa dawa. Alizikimbia sindano, akajificha ghalani, tukamtoa. Afya ikarudi, akanenepa, akaanza kuruka kamba, na majirani wakasema mwachisheni mtoto dawa, ameshapona. Mama akakataa. Dawa ilimezwa mpaka siku daktari mwenyewe aliposema basi. Leo Zaina ni bibi, na akiwaita wajukuu zake chakulani, mtaa mzima unajua ugali umeiva.

Sasa mwanangu, siku hizi mashine ni nyingi, ziko za eksirei, ziko zile za kupakwa mafuta tumboni mama akaonyeshwa mtoto anavyocheza, ziko kubwa unazoingizwa mzima kama mkate tanuruni. Zote, nisikilize, zote ni macho. Hakuna hata moja iliyo dawa. Ukitoka humo ukajisikia mwepesi, shukuru, lakini kaa kwenye benchi. Usiondoke bila kuuliza: mmeona nini, na sasa nifanye nini? Ukiambiwa rudi kesho, rudi kesho. Ukiambiwa lete makohozi, peleka, usione haya, maana picha peke yake haimalizi shauri.

Kikohozi kikipita wiki mbili usikibembeleze kwa asali na tangawizi, nenda kapimwe. Ukitoka jasho usiku, nguo zikikupwaya, ukiona damu kwenye makohozi, usingoje hata hizo wiki. Ukikohoa ziba mdomo kwa kitambaa au kwa kiwiko. Fungua madirisha hewa ipite, hasa mnapolala wengi. Ukipewa dawa, zimalize kama ulivyoelekezwa, hata ukijiona una nguvu za kubeba gunia. Na wewe binti, kama una mimba au unadhani unayo, mwambie mpiga picha kabla hujasimama mbele ya eksirei. Vua mkufu, vua hirizi, vua kila chenye madini. Mungu hakupotezi kwa kuwa umekiweka mezani kidogo.

Na la mwisho, hili ndilo wenye afya tunalisahau. Mama yangu alikuwa na haki kwa kila neno alilosema siku ile. Ila alilisema uani. Mgonjwa mwite ndani, mfungie mlango, mwambie taratibu, umwachie mahali pa kuweka uso wake. Ugonjwa una dawa hospitalini, lakini aibu inamfukuza mtu asifike huko. Kifua kikuu si laana, ni ugonjwa, na aliyeanza dawa akazifuata hukaa na watu akacheka nao.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na sauti ya kuwaitia wajukuu wako. Akupe masikio ya kusikia neno lote, siyo kipande. Na siku ukiugua, akupe mtu wa kukaa nawe kwenye benchi. Amina.

Mjomba, basi. Aliondoka asubuhi iliyofuata, panga amelizungushia gunia. Nilimsindikiza mpaka kwenye njia ya reli. Alikwenda haraka kupita kawaida yake, nadhani ili nisiwe na nafasi ya kusema.

Nikasema hivyo hivyo. "Mjomba, daktari alisema inatibika ukija."

"Nimeshakwenda."

"Turudi mara moja tu. Nitakaa na wewe."

"Mpwa, usinisukume."

Kikohozi kikamshika. Akanigeuzia mgongo, akavua kofia akajiziba nayo mdomo, akainamia vichaka mpaka kikapita. Sikuwahi kumwona akijiziba mdomo kabla ya siku hiyo. Alipogeuka hakuniangalia usoni, aliangalia kule nyumba zilikopangwa mistari, moshi wa asubuhi unatoka majikoni.

"Wapeleke wale watoto," akasema. "Leo hii. Wale ndio bado hawajapigwa."

Akavaa kofia, akavuka reli, akashika njia ya Kidodi. Nilisimama pale nikitegemea atageuka kunipungia. Alitembea tu, panga begani, mpaka njia ilipopinda, na hakurudi tena.