Mwaka Baba Alipoambiwa Amefunga Mvua

Nilipokuwa mtoto, mlima wa nyuma ya kwetu ulikuwa na msemaji wake, na msemaji huyo alikuwa bibi yangu mzaa baba. Kwetu ni Mbingu, barabara ya kwenda Mlimba, ambako milima ya Udzungwa imesimama karibu mpaka shingo inauma ukitaka kuona mwisho wake. Upande wa pili bonde linashuka taratibu kuelekea mto Kilombero, na huko ndiko tunakolima mpunga. Mtu wa hapa akitoka nje asubuhi, mwisho wa kiangazi, hamtazami jirani kwanza. Anatazama mlima.

Bibi alikuwa na namna yake ya kuutazama. Wingu likikaa kiunoni kama mkanda na kichwa kikabaki wazi, alisema huo ni uongo, mvua bado. Mlima ukijifunika kichwa tangu alfajiri, ukakaa hivyo hata jua likipanda, basi wenye mlima wameamka na mbegu ziende shambani. Wenye mlima walikuwa wazee wetu waliokufa. Jumapili bibi alikwenda kanisani akapokea komunyo, na akirudi aliwasalimia wazee wake huko juu, wala sikuona hata siku moja pande hizo mbili zikimgombania.

Mwaka ninaousema kiangazi kilikuwa kimetuchosha wote. Moshi wa mashamba yaliyochomwa ulining'inia bondeni, macho yakawasha, kuku wakahema midomo wazi kivulini. Ndipo asubuhi moja mlima ukajifunika kichwa. Bibi alisimama uani akiwa na kanga yake ya kulalia, akautazama mpaka uji ukapoa, kisha akasema watu wamwage mbegu.

Kumwaga mbegu ni jambo la kubahatisha, wanaolima wanajua. Mpunga wetu tunaumwaga kwenye udongo mkavu kabla ya mvua, ili mvua iukute ardhini. Ukichelewa, maji yanajaa bondeni kabla haujapata kimo, unazama. Ukiwahi, ndege na panya wanakula mbegu, na mbegu ikiisha hakuna nyingine ghalani. Kwa hiyo neno la bibi halikuwa mazungumzo ya kupitisha muda. Watu walimsikiliza, wakamwaga.

Mvua haikuja. Kesho yake mlima ukafunuka, mweupe kwa jua, kama vile haukusema kitu. Ukakaa hivyo, na kunguru na kwelea wakashuka mashambani kama waliopigiwa kengele. Sisi watoto tulishinda huko tukipiga madebe mpaka sauti zikatukauka. Jioni mama alikuwa akifukua udongo kwa kidole kutafuta mbegu zilizobaki.

Sasa nimtaje baba. Baba yangu, Fideli, alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kiangazi chote alikuwa amefyatua matofali nyuma ya nyumba, kwa sababu nyumba yetu ya miti na udongo ilikuwa imeinama upande mmoja, na alikuwa amemwahidi mama nyumba ya matofali ya kuchoma. Matofali yalikuwa bado mabichi, yamepangwa chini ya nyasi, yanangoja kuni zitimie ayachome. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Kila mtu analijua hilo, na ndipo ubaya ulipoanzia. Maana pande hizi mfyatua tofali hutazamwa kwa jicho la pembeni jua likizidi. Anataka kiangazi kirefu, basi watu husema amekifanya kuwa kirefu. Amefunga mvua.

Walikuja asubuhi, wanaume na wanawake wa kitongoji, wakakaa uani bila kukaribishwa. Wakaamkiana na wakubwa kama kawaida, shikamoo na marahaba zikaisha, wakazungumzia panya, wakazungumzia ndege. Mzee Kasiani, jirani yetu wa mpakani, ndiye aliyefika kwenye neno.

"Fideli, hatukuja kugombana," alisema. "Tunaomba mvua yetu."

Baba alidhani ni utani, akatabasamu. Mama ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, bila kutoa kichwa.

"Mzee Kasiani, mume wangu ameshindwa hata kufunga mlango wa choo. Hiyo mvua ataifunga na nini?"

Wanawake wawili watatu walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wakasema hawana neno na mtu, ila mlima ulitoa ishara kila mtu akaona, na mama yake mwenyewe Fideli akaisoma. Sasa ama mama amekosea, ama kuna mtu ameizuia. Walisema hivyo kwa heshima kabisa, na wote wakageuka kumtazama bibi.

Nilikuwa nimekaa mchangani karibu na miguu yake. Niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja. Bibi angeweza kusema, jamani, nimekosea, wingu ni wingu. Lakini kila aliyekuwa pale alikuwa amemwaga mbegu yake kwa neno lake. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na chakula chake chote kilikuwa matumboni mwa kwelea. Bibi akasema kwa ile sauti yake ya mlimani:

"Mlima haukukosea. Matofali yanyweshwe maji."

Hiyo ndiyo dawa. Mvua iliyofungwa na matofali hufunguliwa kwa kuyamwagia maji. Bibi aliinuka, akachota kata ya maji mtungini, akazunguka nyuma ya nyumba na watu nyuma yake. Alikuwa amezeeka tayari, na kata ilitetemeka, maji yakamwagikia kanga. Baba alikuwa amesimama mbele ya matofali yake. Nilimngoja aseme kitu. Nadhani kila mtu alikuwa akingoja, hata Mzee Kasiani.

Baba akainyoosha mikono, akaipokea ile kata.

"Mama, kaa. Nitamwaga mwenyewe."

Akaondoa nyasi, akamwaga. Kata haikutosha, kwa hiyo tulitumwa kisimani na ndoo, na watoto wa jirani wakaja kusaidia, tukacheka na kurushiana maji njiani kama sikukuu. Kufika mchana kulikuwa na tope mahali pa nyumba ya mama. Mama hakutoka jikoni siku ile.

Haikupita wiki, mvua ikaja. Ilishuka toka mlimani na ngurumo, ikanyesha mpaka mto ukavimba. Mbegu chache zilizonusurika zikaota, nyingine tukaazimana. Basi, nani angebishana tena? Bibi akabaki msemaji wa mlima mpaka kufa kwake. Baba naye akapata jina. Tangu mwaka ule, mwenye harusi alimletea kuku amzuilie mvua isiharibu sherehe. Baba alimrudisha kuku akiwa hai, na mvua isiponyesha walisema kuku yule alikubaliwa. Hakufyatua tofali tena. Ukuta ulioinama aliuegemezea nguzo, na ndani ya nyumba hiyo alimlea mama yake, akamwogesha na kumlisha alipokuwa hawezi, wala sikumsikia akitaja matofali.

Kwa miaka mingi nilimwona ni mwanamume dhaifu. Moyoni nilikuwa upande wa mama. Sasa nimefika umri wa bibi, na nimechoka kukasirika, kwa hiyo nafikiri zaidi. Nadhani baba alihesabu haraka pale uani. Watu wenye njaa walikuwa wamekuja na hasira, na hasira ile ilikuwa lazima imwangukie mtu. Aliona ingemwangukia bibi kizee mwenye kata inayotetemeka, akasogea yeye. Bibi alilijua hilo. Ndiyo maana, nadhani, alipokuwa akilishwa uji hakuwahi kumtazama baba usoni.

Siku hizi mjukuu wangu anasoma utabiri kwenye simu: mvua za wastani hadi chini ya wastani, maeneo ya milimani yatatangulia. Ikinyesha wanasifu simu. Isiponyesha wanatafuta mtu. Mwaka juzi walikuwa Wasukuma na ng'ombe wao, kabla yao walikuwa wachoma mkaa, na mfyatua tofali bado hajasahaulika. Jasho, vumbi na maneno ni yaleyale.

Na kwa kuwa mimi ni mjukuu wa bibi yule, wanakuja. Leo amekuja mama mmoja kijana, mbegu yake ndani ya ndoo kichwani, akaniuliza kama amwage sasa au angoje. Mlima ulikuwa umejifunika. Niliuona vizuri, macho yangu bado yanafanya kazi.

"Sijui," nikamwambia.

Akasema, bibi, ninyi mnajua, ila mnatunyima. Nikamwambia tena sijui, nikaendelea kupeta mchele wangu. Ameondoka akinung'unika kwamba mimi ni kizee mchoyo, na nimemwacha aende nalo hilo. Akinikasirikia mimi, leo hakuna tofali la mtu litakalomwagiwa maji.